Wabunge wanaodai "rudisheni asilimia 50" wanamsaidia mstaafu?

Mpekuzi wa Hansard: Kila bajeti wabunge wanasimama kule Dodoma kulia na kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao: mstaafu arudishiwe asilimia 50 ya mafao yake kwa mkupuo, fedha ya mara moja anapostaafu. Kilio ni cha haki, ila wanalilia namba moja wakati zipo tatu: asilimia ya mkupuo, kigawanyo, na kizidisho cha mkupuo. Chukua mshahara wa 1,200,000 na miezi 360 ya kazi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mshahara wa mwaka 14,400,000 mara 360 gawa kwa 540 ni 9,600,000. Nusu yake mara 15.5, mkupuo ni 74,400,000; nusu nyingine gawa kwa 12, pensheni ni 400,000 kwa mwezi. Sasa rudisha hiyo 50 lakini uache kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5 za leo: mkupuo unakuwa 55,862,000. Milioni 18 na nusu hazijarudi, na walimu wanapiga makofi bila kushika kalamu.

Chaki Nyeupe: Walimu wameingiaje hapo, mkuu? Mwalimu anakatwa asilimia 5 kila mwezi, mwajiri anaweka 15, hajawahi kukwepa. Anapiga makofi kwa sababu ndani ya ukumbi ule hana sauti nyingine. Wasemee wabunge, mafao yao hayagawanywi kwa 580.

Kidawa wa Pwani: Hapo kwenye mafao ya wabunge ndipo penyewe! Bunge likivunjwa wanachukua kiinua mgongo chao, miaka mitano tu. Mtumishi bila miezi 180 ya michango hana pensheni ya kila mwezi. Mtu asiyeguswa na kikokotoo atakipigania kwa uchungu gani?

Mizani Sawa: Dada Kidawa, kiinua mgongo cha mbunge kina sheria yake. Ukikifuta leo, mstaafu haongezewi hata senti. Turudi kwenye mifuko. PSPF ilirithi watumishi wa kabla ya Julai 1999 ambao hawakuwa wanachangia, serikali ikaahidi kulipa, haikulipa. Ile hatifungani ya serikali, yaani hati ya ahadi ya kulipa, ya shilingi trilioni 2.17 ndiyo ya deni hilo. Mfuko ulikuwa unakauka.

Chaki Nyeupe: Kwa hiyo mwajiri asilipe deni, halafu anayepunguziwa mkupuo ni mfanyakazi? Sema hivyo waziwazi, ndugu yangu.

Mizani Sawa: Nimesema waziwazi: deni ni la serikali. Sijalitetea.

Kidawa wa Pwani: Si wameshapandisha hadi 40 wote mwaka 2024?

Mpekuzi wa Hansard: Si wote. Waliokuwa zamani kwenye kundi la mkupuo wa 50, wakashushwa hadi 33, ndio waliotoka 33 kwenda 40. Wale ambao mkupuo wao zamani ulikuwa 25 wamefika 35. Na msitulizwe na hoja kwamba mkupuo ukipungua pensheni ya mwezi inapanda. Mtumishi wetu yule kwa 40 anapata mkupuo wa 44,690,000 na 446,900 kwa mwezi. Amepoteza 29,710,000 mwanzoni, ameongezewa 46,900 kwa mwezi. Gawanya: miezi 633. Aliyestaafu na miaka 60 atafidiwa akiwa na 112.

Chaki Nyeupe: Miaka 112! Hesabu hiyo ndiyo ya kusomwa mbele ya Spika. Ila ile ya makofi bado hujaifuta.

Mpekuzi wa Hansard: Naifuta, mwalimu. Nilikosea kuwaingiza.

Mizani Sawa: Hata ikisomwa, namba hizo ziko kwenye kanuni zinazotungwa na Waziri. Mwaka 2018 zilitoka, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka huohuo, 2022 zikaja nyingine. Mchango wa dakika chache wakati wa bajeti kuu haubadilishi kanuni. Bajeti kuu inapigiwa kura kwa kuitwa majina, na Bunge likiikataa Rais anaweza kulivunja, Ibara ya 90. Nani atathubutu? Mahali pa kubana ni Kamati ya Matumizi, pale Bunge linapopitisha fungu la wizara moja moja, kwenye fungu la ofisi yenye dhamana ya hifadhi ya jamii. Mbunge ashike shilingi ya Waziri, yaani azuie fungu lake lisipite, adai 540 na 15.5 kwa kuzitaja, asiirudishe kwa ahadi ya "tutalifanyia kazi".

Kidawa wa Pwani: Shilingi zinashikwa kila mwaka, na jioni ileile zinarudi kwa Waziri. Anayeishika ana kiinua mgongo kinachomsubiri. Hilo hamjalijibu.

Chaki Nyeupe: Kidawa yuko sahihi. Tuanzie hapo: mafao ya mbunge nayo yapigwe 580, tuone kama shilingi itarudi.