Naomba ushauri: dari inakosa mwanga kwenye DIALux evo

Wakuu, habari za kazi. Ninapiga hesabu za taa za ofisi ya wazi hapa Dar es Salaam kwa DIALux evo, programu ya kukokotoa mwanga. Mteja anataka tufuate kiwango cha Ulaya, EN 12464-1 cha 2021. Mezani sina shida, lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya uso) napata vizuri. Shida ni ukuta na dari: kiwango hicho kinataka ukuta upate lux 150 na dari 100, na dari yangu haifiki hata kwa mbali.

Taa zilizochaguliwa ni paneli za LED za kuzama kwenye dari ya jipsamu. Zote zinamulika chini tu, kwa hiyo dari inategemea mwanga unaorudi kutoka sakafuni na mezani. Nimeacha uakisi (asilimia ya mwanga unaorudishwa na uso) wa kawaida wa 70/50/20, yaani dari, ukuta na sakafu. Nimejaribu kuongeza paneli, mezani pakazidi na umeme ukapanda, dari ikasogea kidogo sana. Kupandisha uakisi wa sakafu naona ni kujidanganya, maana zulia lililochaguliwa ni la kijivu iliyokolea.

Kwa waliowahi kukutana na hili: mlihamia taa za kuning'inia zinazomulika juu na chini, au mliacha paneli mkaongeza taa za kuosha kuta, yaani za kumulika ukuta mzima? Na la pili, faili la IFC (modeli ya jengo ya 3D) la msanifu limekuja bila vyumba kuainishwa ndani yake. Nimrudishie aviweke, au nichore upya mwenyewe juu ya DWG, yaani mchoro wa AutoCAD?

Natanguliza shukrani.