Fundi hana ramani wala cheti lakini jahazi linasimama, hii elimu inatoka wapi?

Mtoto wa Langoni
Asalaam aleikum wakuu. Niko nyumbani likizo, juzi nikamsindikiza ami yangu Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, kuna jahazi linaundwa pale ufuoni. Nikakaa asubuhi nzima naangalia tu. Fundi hana karatasi, anasimama mbali anafumba jicho moja anawaambia vijana punguza hapo, tena kidogo, basi. Mimi niko mwaka wa tatu uhandisi, ukininyang'anya kalkuleta nimekwisha. Sasa wazee hawa wanajulia wapi, na mbona wametulia roho kuliko sisi wa vyeti? Msiniambie ni kipaji tafadhali.

Nahodha Mstaafu
Waaleikum salaam mwanangu. Kipaji wapi. Hao huanza udogoni kuokota maranda na kutumwa maji, halafu kalafati, yaani pamba na mafuta unasindilia kwenye nyufa za mbao mpaka vidole vinakufa ganzi, tezo yenyewe, ile ya kuchongea mbao, utaishika baadaye sana. Na mataruma, yaani zile mbavu za ndani, hayapindwi, unatafuta mti uliopinda wenyewe tangu msituni, kwa hiyo yule akipita porini keshaona mbavu za chombo kabla mti haujaanguka. Halafu kuna aibu. Chombo kikirudi kinavuja, Amu nzima, yaani Lamu, inajua kimeundwa na nani.

Bint Shela
Mnapamba sana. Ule mwaka wa 2018 serikali ilipopiga marufuku kukata miti, na mikoko ya kwetu ikaingia humo, huo utulivu wa roho uliingia kweli nyumba za wakata boriti za mikoko?? Kuridhika hakulipi karo. Na jambo jingine, mamangu anashona kofia za vito, zile za matundu madogo madogo, moja huchukua miezi, anahesabu matundu kichwani haandiki popote, lakini sijasikia mtu akimwita fundi. Anaitwa mama fulani anashona.

Wa Malindi
Bint umesema kweli, hata mimi sikuwahi kufikiria hilo la kofia. Ila nguvu nimeiona siku ya kushua chombo majini. Nilikuwa mgeni tu huko Lamu, nikashikishwa kamba, mmoja anaimba wengine tunaitikia na kuvuta pale pale kwenye kiitikio, chombo kizito vile kikateleza juu ya magogo kama hakina uzito. Ukivuta kabla ya wimbo unapigiwa kelele na watoto. Pilau ya siku ile sijapata tena.

Mtoto wa Langoni
Shukran nyote. Bint, nimemuuliza nyanyangu kuhusu kofia, amecheka akasema leo ndio umeona? Matondoni nimerudi asubuhi hii nikamwomba fundi anifundishe. Nimepewa gunia la maranda. Nina miaka 23.