Gari dogo na semitrela, Kimara hadi Kibaha

Wakuu, nikae umbali gani na semitrela? Na usingizi wa alfajiri je?

— Mkuu, lori likipita nguzo, hesabu sekunde 3 kabla hujaifikia. Mvua ikinyesha, 6. Ukiovateki usijipachike puani mwake: semi yenye tani 50 haisimami kama Vitz, na breki za upepo huchelewa kidogo kushika.

— Ogopa zaidi ubavu wa kushoto wa lori. Dereva amekaa kulia. Usipouona uso wake kwenye kioo chake, naye hakuoni. Likikata kushoto hutanua kulia kwanza. Wengi hudhani wamepishwa, kumbe tela linakuja kuwabana.

— Usingizi? Kufungua dirisha ni kujidanganya. Ingia sheli, kunywa kahawa, lala dakika 20. Ukiamka kafeini inaanza kazi.