Magwiji wa tenisi Laver, Borg, Sampras, Djokovic: wakibadilishana raketi, nani anabaki juu?

ChakiNyeupe: Wakuu, ubishi huu haunipi usingizi. Laver alibeba mataji yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, tena mara mbili, 1962 na 1969, kwa raketi ya mbao. Djokovic anayo 24, ila hajawahi kutegemea mbao. Tuwabadilishie raketi, nani anatamba?

MbaoTupu: Laver, wala sipepesi macho. Uso wa raketi ya mbao ulikuwa kama theluthi mbili tu ya hizi za leo. Usipoupata mpira katikati, umekufa. Halafu 1963 hadi 1967 alifungiwa nje ya mashindano hayo, wakati huo yakiwa ya ridhaa tu, kwa kuwa alishakuwa mchezaji wa kulipwa. Miaka mitano hiyo mnaihesabuje?

UtumboWaNgombe: Umesema nusu, mkuu. 1969 matatu kati ya manne yalichezwa kwenye nyasi. Djokovic ametwaa kwenye nyasi, udongo na sakafu ngumu.

Na mnang'ang'ania fremu wakati kilichopindua tenisi ni nyuzi. Kuerten alipochukua Roland Garros, lile taji kubwa la Ufaransa la udongo, 1997 alifunga nyuzi za poliesta. Zile zikiguswa na mpira huteleza kisha hurudi mahali pake kwa ghafla, ndiyo maana mpira unaondoka ukizunguka kama pia. Unapiga kwa nguvu zako zote na bado unaangukia ndani ya mstari. Sampras alichukua mataji yake 14 kwa utumbo wa ng'ombe na kiraketi chenye uso wa inchi 85 za mraba. Mpeni poliesta kwanza, ndipo mmlinganishe na Nadal wa kizazi cha poliesta.

Seti5: Kuhusu nyuzi naunga mkono. 1977 Nastase alimkabili Vilas na ile raketi ya "tambi", iliyofungwa nyuzi safu mbili. Vilas alikuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye udongo. Akashindwa kuusoma mpira, akafungwa seti mbili, akasusa. Raketi yenyewe ikapigwa marufuku.

MbaoTupu: Haya, nyuzi nimekubali. Lakini msije mkamtaja Borg aliyerudi 1991 na mbao yake Monte Carlo akachapwa na Arrese. Alikuwa amekaa nje miaka mingi, ule si ushahidi.

Seti5: Ushahidi ni McEnroe. Wimbledon 1981 alimvua Borg ubingwa kwa mbao. 1983 na 1984 akaitwaa tena, sasa kwa fremu ya grafaiti badala ya mbao. Mtu yuleyule, mkono uleule wa kushoto, nyasi zilezile. Mwaka 1984 alipoteza mechi tatu tu kati ya 85. Kwa swali la kubadilishana raketi, wa kwanza kwangu ni yeye, Laver afuate.

ChakiNyeupe: Sikumweka hata kwenye kichwa cha habari! Ila moja ya hizo tatu ni fainali ya Roland Garros, alikuwa mbele seti mbili, Lendl akaigeuza.

UtumboWaNgombe: Hapo raketi haihusiki. Zile ni hasira za McEnroe mwenyewe.