Unga wa nano wa shaba na tantali: tanuri, SPS au HIP?

Mwashaba: Wakuu, nina unga wa shaba wenye tantali (metali ngumu kuyeyuka) asilimia 10 ya atomi, umesagwa kwenye kinu cha gololi hadi punje zikawa chini ya nanometa 50. Nataka kidonge kisicho na vinyweleo na punje zisinenepe. Za kuushikanisha unga kwa joto ziko tatu: tanuri la gesi ya haidrojeni, SPS (joto la umeme wa mapigo pamoja na mkandamizo) na HIP (joto pamoja na mkandamizo wa gesi pande zote). Nianze wapi?

Fundi Kalibu: SPS. Umeme wa mapigo unapita kwenye kalibu ya grafaiti, joto linapanda nyuzi 100 kwa dakika huku unga ukikandamizwa. Dakika chache umemaliza. Tanuri la kawaida hula saa nyingi, na muda wote huo punje zinakua.

Binti Metali: Haidrojeni isahau kabisa. Huondoa oksidi ya shaba vizuri, ila tantali huifyonza na kuwa rahisi kuvunjika. Na hiyo SPS mnaisifia mno. Kipimajoto kinasoma kalibu, si unga. Ndani kunaweza kuwa na moto zaidi kwa makumi ya nyuzi. Grafaiti yenyewe huanza kuwa mashakani shinikizo likikaribia megapaskali 100. Halafu kaboni huingia kwenye uso wa kidonge, kwa hiyo usipime ugumu kabla ya kusaga tabaka la juu.

Tungsteni: Mnabishania mashine, mimi naangalia aloi. Shaba tupu ya nano punje zake hukua hata kwa joto dogo. Tantali haikubali kuyeyuka ndani ya shaba, basi ukipasha unga inajitenga vikundi vidogo vidogo vinavyozuia mipaka ya punje kusogea. Hapo ndipo unapopata nafasi ya kuongeza joto. Kwa tungsteni na kromi, watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba kromi ikijitenga hujenga shingo kati ya chembe, zikashikana bila shinikizo chini ya nyuzi 1500. Tungsteni huyeyuka kwa 3422!

Mwashaba: HIP je?

Fundi Kalibu: Lazima ufunge unga kwenye mkebe, uvute hewa, ndipo gesi ya agoni ikandamize pande zote. Mkebe ukivuja, gesi inajaa kwenye vinyweleo na kazi imeharibika. Kwa kidonge kimoja, usumbufu mtupu.

Binti Metali: Chochote utakachochagua, fungulia unga ndani ya sanduku lililojaa agoni, usiguswe na hewa. Na punje zikikaribia nanometa 100, usitegemee eksirei peke yake kupima ukubwa wake. Tafuta hadubini ya elektroni.