Tupeane uzoefu: kahawa ilikufunza kwa kosa gani?

Mkulima wa Katana
Jambo wakulima wenzangu wa Kivu, huku mashariki mwa Kongo. Tuelezane makosa yaliyotuuma, vijana wanaoanza wasiyarudie. Naanza mimi. Mwaka wa kwanza nilichuma nyekundu na kijani pamoja, nikapeleka kituo cha kuoshea. Mama wa mizani akamimina zote kwenye maji. Nyepesi na zilizotobolewa na wadudu zikaelea, akaziengua. Za kijani zilizozama akanirudishia kwenye kapu nichambue kwa mkono. Nilichambua hadi giza, vidole vinanata kwa utamu wa ganda. Sasa mti mmoja naupitia mara tatu, nne kwa msimu.

Mtoto wa Idjwi
Asante Papa. Kwetu kisiwani kosa halikuwa shambani. Soko halikuwepo, watu wakawa wanavusha kahawa usiku kwa mtumbwi mpaka Rwanda, magunia yamejaa hadi ukingoni. Baba mdogo aliondoka ziwa limetulia. Upepo ukaamka katikati ya safari. Tuliokota kasia lake peke yake. Wajane kama mama mdogo ni wengi kwetu. Leo anauza kwa ushirika, mchana, anaona mizani kwa macho yake, anahesabu makuta yake juani. Nikimwona hivyo roho yangu inatulia.

Mama wa Minova
Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu.
Langu ni ladha ya kiazi. Sikupogoa, matawi yakafungana, antestia akapata maficho. Huyo mdudu anatoboa tunda, bakteria wanapita kwenye tundu. Punje ukiitazama huoni kitu, ila moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima, kinanukia kiazi kibichi. Mnunuzi alionja yangu, akasogeza kikombe pembeni. Jamani, mkimaliza kuvuna pogoeni, jua liingie mpaka kwenye shina!

Wa Goma mjini
Mimi nilisikia udongo wa volkano una rutuba, nikanunua miche kumi nipande nyuma ya nyumba. Lakini hapa tumekaa juu ya lava iliyomwagwa na mlima Nyiragongo mwaka 2002. Sururu ilitoa cheche. Lava changa ni jiwe tu, inahitaji miaka mingi sana kugeuka udongo. Miche saba imekauka. Mitatu iko kwenye ndoo.

Mkulima wa Katana
Usiiache kwenye ndoo, mizizi itajikunja. Ilete kwangu kabla mvua haijakatika, tuipande chini ya migomba. Itabaki kuwa yako.