Mrejesho: klachi ya pikapu iliyokuwa inazama

Wakuu, nimerudi. Mtakumbuka niliuliza kuhusu pikapu yangu ya 1996: pedali ya klachi inazama hadi chini, rivasi inakwaruza, ila nikipampu mara mbili tatu gia inaingia laini. Fundi wa kwanza alitaka kushusha gia boksi abadilishe klachi pleti. Nashukuru sana mlionizuia, maana pleti iliyokwisha huteleza, na yangu haikuwa inateleza hata kwenye mlima.

Nilifanya lile jaribio mlilonielekeza. Uwanja tambarare, mbele peupe, injini inaunguruma, gia namba moja, klachi nimeikanyaga mpaka mwisho bila kuachia. Baada ya nusu dakika hivi gari likaanza kujivuta lenyewe. Presha ya mafuta yanayosukuma klachi ilikuwa inapotea.

Nikainua kapeti. Ukuta nyuma ya pedali ulikuwa umelowa mafuta ya breki (klachi hii hutumia hayo hayo) na rangi imebabuka, kumbe masta ya juu, yaani silinda inayosukumwa na pedali, inavujia ndani ya kabini! Ndiyo maana chini ya gari sikuona hata tone. Tulipoifungua, raba zimekwisha na silinda ina vishimo vya kutu, kwa hiyo kubadilisha raba peke yake kungekuwa kazi bure. Nikanunua masta nzima, na silinda ya chini, ile inayosukuma klachi kwenye gia boksi, nikaiwekea raba mpya.

Kutoa upepo kwenye mafuta ya klachi kulitusumbua karibu saa nzima. Sasa wiki ya tatu, rivasi inaingia kimya na mafuta hayajashuka. Imebaki hosi ya mpira inayopitisha mafuta hayo, imeanza kupasuka-pasuka. Naibadilisha mwisho wa mwezi.